Fuvu Halina Kabila

Wazee wetu walitozwa kodi ya kichwa. Aliyelipa alipewa risiti, akaifunga katika pindo la shuka yake, akapumua hadi mwaka mwingine. Lakini mkoloni alileta jambo jingine juu ya vichwa vyetu, nalo halikuwa na risiti: alileta kipimo cha kichwa. Alikuja na bikari ya chuma yenye miguu iliyopinda, akapima urefu wa fuvu, upana wa pua na mwinamo wa taya, kisha akatuambia sisi ni nani. Bikari yenyewe siku hizi imo katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mawazo yake yamo katika macho yetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho kilikuwa cha uongo, kwamba kiliua watu, na kwamba sisi wenyewe, walimu na wanafunzi, tungali tunakitumia.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alileta darasani fuvu la plasta. Aliandika ubaoni majina ya mifupa, nasi tukayanakili. Zilipobaki dakika kumi kabla ya kengele, aliwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa, mmoja mzaliwa wa magharibi ya Ziwa Viktoria, mwingine wa mikoa ya kusini, akatuonyesha kwa ncha ya chaki: huyu kichwa chake kirefu na pua yake nyembamba, kwao ni watu wa kutawala, huyu taya lake limetokeza, hao ni watu wa jembe. Darasa zima likacheka. Yule aliyeambiwa ni wa jembe alicheka pia, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo alihamia dawati la nyuma, na hakurudi mbele mpaka mwaka ulipokwisha. Mwalimu yule hakuwa mtu mwovu. Alikuwa akirudia alivyofundishwa, na waliomfundisha walikuwa wakirudia pia. Hivyo ndivyo kasumba inavyoishi: haihitaji mtu mwovu, yamtosha mtu asiyeuliza.

Mifupa 22

Basi na tuulize. Fuvu la mtu mzima, ukiacha vijifupa vidogo vya masikio na ule mfupa wa kooni, lina mifupa 22. Minane hulinda ubongo: mmoja wa paji la uso, miwili ya utosini, miwili ya kwenye panja, mmoja wa kisogo, na miwili iliyofichika ndani, nyuma ya macho na pua. Iliyobaki 14 ni ya uso: mataya, mashavu, kaakaa, mwanzi wa pua, na mingine midogo sana, ukiwemo ule wa pembe ya jicho, unapopita mfereji wa machozi. Kati ya yote hiyo ni taya la chini pekee liwezalo kutikisika. Mingine imeshonana kwa maungio yaliyopindapinda kama mshono wa ukili.

Mtoto huzaliwa mifupa hiyo ikiwa haijashikana, ili kichwa kipate kupenya njia ya uzazi na ubongo upate nafasi ya kukua. Kila mama amepata kuutia mkono utosi wa mwanawe na kuhisi ukidunda. Utosi huo huendelea kukaza hadi mtoto akaribie au avuke mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo kichwa ni kama udongo wa mfinyanzi: alalavyo mtoto ndivyo kinavyoelekea. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki ya Kongo walijua hivyo, wakawafunga watoto wao vitambaa na kamba kichwani ili vichwa virefuke kwenda nyuma, kwa kuwa huo ndio uliokuwa urembo wao hadi katikati ya karne ya 20. Mpimaji asiyejua desturi hiyo angeandika katika daftari lake kwamba amegundua damu ya watu wa vichwa virefu. Kumbe aligundua kitambaa.

Na pua, ambayo imesemwa maneno mengi kuliko kiungo chochote cha uso? Sehemu kubwa ya pua ni gegedu, nayo huoza pamoja na nyama. Kinachosalia kwenye fuvu ni vijifupa viwili vya mwanzi wa pua na tundu lililo wazi. Upana wa tundu hilo una uhusiano na hali ya hewa waliyoishi mababu: penye baridi na ukavu, pua nyembamba husaidia kuipasha moto na kuilainisha hewa kabla haijafika mapafuni. Nalo taya hufuata mlo: watu waliotafuna vyakula vigumu tangu utotoni huota mataya makubwa kuliko wanaokula vilivyosagwa na kupikwa hata vikalainika. Hayo ni mambo ya upepo na chungu. Hayahusu utawala wala jembe.

Wahenga wetu waliosema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, hawakuiweka akili katika mfupa. Waliiweka mahali panapoota, panaponyolewa na kuota tena.

Bikari na walioishika

Kipimo kilianzaje? Katika miaka ya 1840 Anders Retzius, mtaalamu wa Sweden, alitunga hesabu ya kugawanya upana wa kichwa kwa urefu wake na kuzidisha kwa 100. Aliyepata chini ya 75 aliitwa wa kichwa kirefu. Aliyezidi 80 aliitwa wa kichwa kifupi. Kabla yake kidogo, mwaka 1839, Samuel George Morton wa Philadelphia alitoa kitabu cha mafuvu. Alijaza mafuvu hayo mbegu, baadaye akatumia risasi ndogondogo, apate kujua ujazo wa kila moja, akayapanga mataifa kwa ngazi: Mzungu juu, Mwafrika chini. Wataalamu wa baadaye wamebishana kama Morton alipima vibaya au alipima sawa. Ubishi huo haugusi kiini. Ujazo wa fuvu hufuata ukubwa wa mwili na hali ya hewa, na hata rula iliyonyooka, ikishikwa na mtu aliyekwisha kuamua jibu, itampa jibu lake.

Asidhani mtu kwamba Waafrika walikaa kimya. Anténor Firmin, mwanasheria wa Haiti, mtu mweusi, aliketi katika chama cha wanaelimu ya binadamu mjini Paris miongoni mwa hao hao waliompima kwa macho. Mwaka 1885 alichapisha kitabu kizima kutetea usawa wa binadamu, akizichukua takwimu zao za mafuvu na kuonyesha jinsi zilivyopingana zenyewe kwa zenyewe. Ilikuwa mwaka ule ule ambao mkutano wa Berlin wa kuigawana Afrika ulimalizika. Wanaume wa Ulaya walikuwa na sababu nzuri ya kutomsoma.

Jibu jingine lilikuja kutoka Marekani. Franz Boas alipima vichwa vya watu karibu 18,000, wahamiaji na watoto wao, na mwaka 1912 ilichapishwa ripoti yake kamili: watoto waliozaliwa ugenini walitofautiana kwa umbo la kichwa na ndugu zao waliozaliwa kwao. Ukubwa wa mabadiliko hayo umejadiliwa tena katika miaka yetu, lakini imani kwamba umbo la kichwa ni muhuri usiofutika ilikwisha kupata ufa. Hatimaye, mwaka 1972, Richard Lewontin alipochunguza tofauti za urithi katika damu ya binadamu, alikuta kiasi cha asilimia 85 ya tofauti zote zimo ndani ya jamii moja moja, baina ya jirani na jirani. Huhitaji kuvuka bahari kumpata mtu aliye tofauti nawe. Vuka ua.

Vichwa vilivyopanda meli

Elimu hiyo ya uongo ilikuwa na njaa, na chakula chake kilikuwa vichwa vya watu. Walioitawala nchi yetu kwa bunduki ndio walioilisha.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyekivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti 1891, aliwindwa kwa miaka mingi huku kichwa chake kikiwekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 alijiua kwa risasi asipate kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Wajukuu wamesimuliwa kwamba kichwa chake nacho kilichukuliwa. Wakati wa Vita vya Maji Maji, Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na Wangoni wamesimulia habari hiyo hiyo. Huko Rwanda mambo yalifanyika kwa jumla. Msafara wa mtukufu mmoja wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulipopita nchi hiyo mwaka 1907, mtaalamu wake wa elimu ya binadamu, Jan Czekanowski, alikusanya mafuvu kwa mamia. Mengi ya vichwa hivyo vya Afrika Mashariki yaliishia katika mkusanyo wa Felix von Luschan mjini Berlin, yakaandikwa namba kwa wino juu ya paji la uso.

Fuvu la Mkwawa lina kisa ambacho kila mwanafunzi yafaa akijue. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioamua mipaka ya Ulaya, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoiamuru Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Twining alipokwenda katika jumba la makumbusho la Bremen kulitafuta, alikuta rafu zenye mafuvu yapatayo 2,000. Alilichaguaje moja? Alichukua vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, akapiga hesabu ile ile ya Retzius, akatafuta fuvu linalolingana na lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga. Wahehe walilipokea kwa heshima zote, na heshima hiyo ni yao na ni ya haki. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo. Mimi nasema jambo moja tu: mkoloni hata alipotaka kurudisha alichoiba, hakuwa na lugha nyingine ya kutusemesha ila bikari.

Linganisha kisa hicho na cha mwaka 2023. Watafiti mjini Berlin walikuwa wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa koloni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zaidi ya 900 kati yake yakiwa ya Rwanda na kiasi cha 200 yakiwa ya Tanzania. Walisoma daftari za kale, kisha wakalinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu na vya watu walio hai Kilimanjaro. Matatu yalipata jamaa zake. Mmoja wa watu hao watatu alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo, ingawa mjukuu wake alilidai kwa miongo mingi. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa fuvu halina kabila, ilikuwaje yakajulikana ni ya watu wa Kilimanjaro? Swali ni zuri, na jibu ndilo moyo wa makala haya. Sentimita hazikusaidia kitu. Zaidi ya miaka mia moja ya vipimo haikumpatia hata mmoja wao jina lake. Waliothibitisha kwamba fuvu lile ni la Akida ni jamaa zake, kwa mate yao na kwa kumbukumbu waliyoitunza. Kilichomo ndani ya mfupa ni ukoo: mama aliyezaa, na mama aliyemzaa mama. Kabila halimo humo. Kabila ni lugha, ni malezi, ni ngoma na mazishi na makubaliano ya watu kuishi pamoja. Hayo yote hukaa katika walio hai, na hakuna bikari iwezayo kuyashika.

Bikari iliyobaki nyumbani

Laiti uovu huu ungekuwa wa Wazungu peke yao, tungeandika shutuma zetu tukalala. Lakini nyani haoni kundule.

Huko Rwanda, vipimo vya vichwa na pua vilipewa mguu wa kutembelea pale Wabelgiji walipowaandikia wananchi kabila katika vitambulisho, katika miaka ya 1930. Watu waliokuwa na lugha moja, milima ile ile na mila zile zile waliambiwa kuwa wametoka sehemu mbalimbali za dunia, na kwamba pua zao zimethibitisha. Mwaka 1994 waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani na mapanga walidai kwanza kitambulisho. Asiyekuwa nacho alitazamwa pua na kimo. Walikufa hata wale ambao kwa hesabu za wauaji wenyewe hawakuwa wa upande uliokusudiwa. Uso wao ulisomwa vibaya, kwa sababu uso hausomeki hivyo. Wauaji hao hawakuwa Wajerumani wala Wabelgiji. Walikuwa majirani, na baadhi yao walikuwa walimu.

Nasi Tanzania tusijipige kifua. Mzaliwa wa Ngara, Karagwe au Kigoma, ambaye babu yake alizaliwa pale pale, husimamishwa safarini akaulizwa kwao ni wapi hasa, kwa kuwa pua yake haikumridhisha muulizaji. Katika mabweni yetu mtoto huitwa kwa komo lake au kichogo chake mpaka jina alilopewa na wazazi linasahaulika. Wachumba hukaguliwa paji la uso kama mbuzi mnadani. Kila mmoja wetu amepata kusikia, au kusema, kwamba fulani ana sura ya kabila fulani, kwa hiyo ni mwizi, au mchawi, au mjanja wa fedha. Maneno hayo ni kile kile kilichosemwa na wapimaji wa vichwa, isipokuwa wao waliyaandika katika vitabu vyenye jalada la ngozi.

Majibu kwa wanaopinga

Watasema wengine: wewe wapinga sayansi. Sipingi. Daktari akilitazama fuvu aweza kukadiria umri wa marehemu na jinsi alivyoumia, na hivyo kumrudisha kwa wenyewe. Na ardhi yetu imewapa wanasayansi fuvu mashuhuri kuliko mengi: lile la Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, la kiumbe aliyeishi miaka kama milioni moja na robo tatu iliyopita. Kwa mataya yake mapana na magego yake makubwa alidhaniwa kuwa mvunja kokwa. Baadaye kemia ya meno yake ilionyesha kwamba kiumbe wa aina hiyo alikula zaidi majani ya jamii ya nyasi na ndago, na wataalamu wakasahihisha. Hiyo ndiyo sayansi: huuliza mfupa swali ambalo mfupa waweza kulijibu, na hukubali kukosolewa. Kuuliza fuvu nani atawale si swali la mfupa.

Wengine watasema: mafuvu hayo yakae huko Ulaya, yatunzwe vizuri. Tuwaulize: ni nani kati yao angekubali kichwa cha babu yake kitunzwe vizuri katika sanduku, Dodoma? Wengine tena watasema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina haja ya kuhangaikia mifupa ya kale. Hao nawaambia kwamba yule mwanafunzi wa kidato cha pili hakukosa dawati. Alikuwa nalo, akalihamishia nyuma.

Wajibu wa mwalimu

Kazi iliyopo ni ya darasani, nayo haihitaji fedha za kigeni. Mwalimu wa elimu ya viumbe afundishe mifupa 22 kwa majina ya Kiswahili: utosi, kisogo, panja, kaakaa, taya. Mtoto aijue kuwa ni yake kabla haijawa ya mtihani. Siku hiyo hiyo asimulie ni kwa nini mafuvu ya watu wetu yalikwenda Berlin, wala asimwachie mwalimu wa historia peke yake. Awape wanafunzi utepe wa kushonea, wapimane vichwa wote, waandike hesabu ubaoni bila majina, kisha awaambie wazipange namba hizo kwa makabila. Hawataweza. Somo hilo halitasahaulika. Na siku atakaposikia kicheko darasani juu ya uso wa mtoto, asimame, kwa kuwa kicheko hicho kina historia.

Kuhusu mafuvu yaliyo ng'ambo, Taifa halina budi kuendelea kuyadai, na kila yanaporudi, yarudi kwa majina kadiri majina yanavyoweza kupatikana, yazikwe kwa desturi ambayo wenyewe wataichagua. Lakini itakuwa aibu wazee wale warudi baada ya miaka zaidi ya mia moja ugenini, wamepimwa na kuandikwa namba, wafike nyumbani na kukuta wajukuu zao wamesimama bandarini wakipimana pua.